Biashara ya Karatasi kati ya Tanzania na Kenya: Namna ya Kusoma Hesabu za Majirani Wawili

Na Mwandishi Wetu

Katika barabara kuu inayounganisha Iringa na Mafinga, malori mawili yanaweza kupishana yote yakiwa yamebeba karatasi. La kwanza limetoka Mgololo, wilayani Mufindi, likiwa na roli kubwa za karatasi ngumu ya kahawia, nalo linaelekea mpakani ili kuingia Kenya. La pili limetoka Bandari ya Dar es Salaam likiwa limesheheni rimu za karatasi nyeupe iliyotengenezwa ng'ambo, nalo linapeleka shehena hiyo katika maduka ya vifaa vya shule na ofisi za Nyanda za Juu Kusini, jirani kabisa na shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini.

Kupishana huko kunazua maswali mawili. Kwa nini nchi yenye miti na kiwanda cha karatasi inaendelea kununua karatasi nje? Na kwa nini Kenya, ambayo kiwanda chake kikubwa cha karatasi kilisimama mwaka 2009, bado inawauzia majirani zake maboksi, mifuko na madaftari?

Jumla ya mauzo na manunuzi peke yake haitoi majibu. Majibu yanaanza kuonekana pale msomaji anapouliza ni karatasi ya aina gani inayouzwa, ni ya aina gani inayonunuliwa, na inaishia wapi baada ya kuvuka mpaka. Makala haya yanalinganisha biashara ya karatasi ya nchi hizi mbili kwa kufuata maswali hayo.

Karatasi katika hesabu za forodha

Forodha za Tanzania na Kenya hutumia mfumo mmoja wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Katika mfumo huo, safari ya karatasi imegawanywa katika sura tatu. Sura ya 47 inahusu rojo la mbao, yaani malighafi inayopatikana baada ya mti kusagwa au kupikwa, pamoja na karatasi chakavu zinazokusanywa ili zitengenezwe upya. Sura ya 48 inahusu karatasi yenyewe, kadibodi na vitu vinavyotengenezwa kwa karatasi. Sura ya 49 inahusu vitu vilivyokwisha kuchapishwa, kama vile vitabu, magazeti na kalenda.

Ndani ya Sura ya 48 kuna vifungu ambavyo mlinganishaji makini hana budi kuvitenganisha. Kifungu cha 4801 ni karatasi ya magazeti. Cha 4802 ni karatasi ya kuandikia na kuchapishia, ambayo wengi wanaifahamu kwa rimu za ofisini na kurasa za daftari. Cha 4804 ni karatasi ya krafti, ile ngumu ya kahawia inayotumika kutengenezea mifuko na maboksi. Cha 4810 ni karatasi iliyopakwa madini meupe ili iwe laini na ing'ae. Cha 4818 kinahusu karatasi za chooni na leso za karatasi, cha 4819 kinahusu maboksi na mifuko iliyokamilika, na cha 4820 kinahusu madaftari, leja na vitabu vya risiti.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa uchumi. Nchi inaweza kuwa na ziada katika kifungu cha 4804 na upungufu mkubwa katika kifungu cha 4802, kisha jumla ya Sura ya 48 ikaonesha upungufu mtupu. Anayesoma jumla hiyo peke yake atadhani nchi haina kiwanda cha karatasi kinachouza chochote nje.

Viwanda viwili, historia mbili

Kenya ilitangulia. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilijengwa Webuye, magharibi mwa nchi hiyo, kando ya Mto Nzoia, kwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India na Shirika la Fedha la Kimataifa. Uzalishaji ulianza mwaka 1974. Kiwanda hicho kilipika rojo lake chenyewe kutokana na miti ya mashamba ya serikali, kikatengeneza karatasi ya kuandikia, ya magazeti na ya vifungashio. Mji wa Webuye ulikua kwa kukitegemea.

Tanzania ilifuata muongo mmoja baadaye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Katika kipindi hicho kila nchi ililazimika kujipanga upya kwa bidhaa ambazo awali zilipita mpakani bila vikwazo. Mradi wa kiwanda cha Mgololo ulitekelezwa katika mazingira hayo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine wa kimataifa. Kiwanda hicho, kilichoitwa Southern Paper Mills, kilianza kazi mwaka 1985 kikiwa na uwezo uliokusudiwa wa kuzalisha tani 60,000 kwa mwaka. Mahali pake palichaguliwa kwa hesabu: malighafi ilikuwa katika Shamba la Miti Sao Hill, na Reli ya TAZARA inapita Mgololo.

Viwanda vyote viwili vilikutana na matatizo yanayofanana. Kupika rojo la mbao kunahitaji kemikali, vipuri na mafuta ambavyo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na mashine za karatasi hazipendi kusimama na kuanza upya. Mgololo ilifanya kazi chini ya uwezo wake kwa miaka mingi, ikasimama katikati ya miaka ya 1990. Webuye iliendelea kwa muda mrefu zaidi, lakini baada ya soko kufunguliwa karatasi kutoka nje ilizidi kuingia, madeni yakaongezeka, na mwaka 2009 mitambo ikanyamaza.

Hatua iliyofuata inaeleza sehemu kubwa ya biashara ya leo. Mwaka 2004 kiwanda cha Mgololo kilibinafsishwa kwa kundi la makampuni la Rai lenye makao yake Kenya, kikafufuliwa kwa jina la Mufindi Paper Mills. Mwaka 2016 kundi hilohilo likanunua kiwanda cha Webuye. Hivyo viwanda viwili vilivyoanzishwa ili kila nchi ijitegemee vikajikuta chini ya mwekezaji mmoja, katika soko moja la forodha. Mgololo iliporudi kazini, ilijikita katika karatasi ya krafti.

Msitu mkubwa hauwi karatasi nyeupe kwa wenyewe

Kwa rasilimali ya misitu, Tanzania ina nafasi kubwa zaidi. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyochapishwa mwaka 2015 ilionesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Kenya, kwa takwimu zake rasmi za mwaka 2021, ina misitu katika asilimia 8.83 ya nchi. Mtu angetegemea kwamba tofauti hiyo ingejitokeza moja kwa moja katika biashara ya karatasi. Haijitokezi hivyo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni aina ya miti. Sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania ni miombo, yenye miti migumu ya asili inayokua polepole, ambayo si malighafi ya kawaida ya viwanda vya karatasi. Miti ya karatasi ni ile ya kupandwa, hasa misindano, ambayo wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini huiita paina, pamoja na mikaratusi. Kwa hiyo ulinganisho unaofaa ni ule wa mashamba ya miti, na hapo pengo kati ya nchi hizi mbili hupungua sana.

Sababu ya pili ni urefu wa nyuzi. Nyuzi za msindano zina urefu wa takriban milimita 3, na zikishikamana hutoa karatasi imara isiyochanika kwa urahisi. Ndiyo inayofaa kwa mfuko wa saruji unaotupwa kutoka juu ya lori bila kupasuka. Nyuzi za mkaratusi ni fupi, za takriban milimita 1, na hutoa uso laini unaopokea wino vizuri. Karatasi nyeupe ya kuandikia inahitaji sehemu kubwa ya nyuzi fupi, upaushaji wa rojo kwa kemikali, na madini ya kujazia ili wino usionekane upande wa pili. Kila hatua ni mtambo mwingine, na kila mtambo unahitaji uzalishaji mkubwa ili gharama zake zirudi.

Hapo ndipo ukubwa wa ushindani wa dunia unapoonekana. Mwaka 2024 kampuni ya Suzano ya Brazil ilifungua huko Ribas do Rio Pardo kiwanda chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni 2.55 za rojo la mkaratusi kwa mwaka. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 40 ya uwezo uliokusudiwa wa Mgololo. Rimu inayouzwa katika duka la Iringa au Kisumu inashindana na viwanda vya ukubwa huo, ambavyo hutumia miti inayovunwa katika muda mfupi na meli zinazobeba shehena kubwa kwa gharama ndogo kwa kila tani.

Karatasi ya krafti ina kinga ya asili dhidi ya ushindani huo. Haihitaji kupaushwa, malighafi yake ya nyuzi ndefu ipo Mufindi, na wateja wake wako karibu. Kwa kuichagua, Mgololo iliingia katika uwanja ambao nguvu zake zinatosha.

Tanzania inauza nini, inanunua nini

Mauzo ya karatasi ya Tanzania nje ya nchi yameegemea katika bidhaa hiyo moja. Roli za krafti huenda Kenya na katika masoko mengine ya jirani, ambako hukatwa, hukunjwa na kugundishwa kuwa mifuko na maboksi. Kwa lugha ya uchumi, Tanzania inauza bidhaa ya kati, ambayo thamani ya mwisho huongezwa upande wa pili wa mpaka.

Manunuzi yana sura nyingi zaidi. Tanzania huagiza karatasi ya kuandikia na kuchapishia, karatasi ya magazeti, karatasi iliyopakwa kwa ajili ya majarida na lebo, kadibodi maalumu, na bidhaa zilizokamilika. Mahitaji haya yana msukumo wa kudumu. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, idadi ya wanafunzi wanaohitaji madaftari na vitabu imeongezeka. Mwaka 2024 mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika, na mtaala mpya maana yake ni vitabu vipya vinavyoandaliwa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kila kitabu kinachochapwa hapa nchini kinaanza na karatasi nyeupe, ambayo kwa sehemu kubwa imekuja kwa meli.

Hivyo urari wa Tanzania katika karatasi ni hasi kwa thamani, ingawa ndani yake mna kifungu kimoja kinachoingiza fedha za kigeni mwaka hadi mwaka. Sera inayotazama jumla peke yake inaweza kulisahau eneo hilo la nguvu, na sera inayotazama krafti peke yake inaweza kulisahau daftari.

Kenya inauza nini, inanunua nini

Kenya nayo ina urari hasi, na huagiza karatasi nyingi zaidi kuliko Tanzania. Hilo halimaanishi kuwa iko nyuma. Sehemu ya manunuzi hayo ni malighafi ya viwanda vingi vya ukamilishaji vilivyoko Nairobi, Thika, Mombasa na kwingineko, vinavyotengeneza maboksi ya bati, mifuko, madaftari, lebo na karatasi za chooni. Vingine, kama Chandaria Industries ya Nairobi, vimejijenga kwa kutumia karatasi chakavu, ambazo hukusanywa kutoka ofisini, viwandani na mitaani, zikafungwa marobota na kugeuzwa tishu.

Wateja wa viwanda hivyo wako nyumbani na katika nchi jirani. Ndani ya Kenya, chai ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Chai nyeusi ya Kenya husafirishwa katika mifuko ya karatasi yenye matabaka kadhaa, na hupita katika mnada wa Mombasa ambao huuza pia chai ya nchi nyingine za ukanda huu. Maua ya Naivasha husafiri katika maboksi ya kadibodi hadi Ulaya. Saruji, unga na mbegu nazo zinahitaji mifuko. Nje ya Kenya, bidhaa za karatasi zilizokamilika huuzwa Uganda, Tanzania, Rwanda na kwingineko.

Kwa upande wa malighafi, Kenya ilikumbwa na uhaba uliotokana na uamuzi wa kulinda misitu yake. Februari 2018 serikali ya nchi hiyo ilizuia uvunaji wa miti katika misitu ya umma, na zuio hilo likaongezwa muda mara kadhaa hadi Julai 2023 serikali ilipotangaza kuliondoa. Katika kipindi hicho wafanyabiashara wa mbao wa Kenya waligeukia zaidi nchi jirani, na uwezekano wa kulisha mtambo mkubwa wa rojo kwa miti ya Kenya ulipungua. Utegemezi wa roli zinazotoka nje ukaimarika.

Picha inayojitokeza ni ya mnyororo mmoja unaovuka mpaka. Mti unapandwa Mufindi, karatasi inatengenezwa Mgololo, mfuko unashonwa Kenya, na mfuko huo unaweza kurudi Tanzania ukiwa na bidhaa ndani yake. Kila hatua inaandikwa mara moja katika vitabu vya forodha vya nchi mojawapo, na kila mara thamani yake imepanda.

Ushuru unavyopanga njia ya karatasi

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutekelezwa mwaka 2005. Chini yake, bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama huvuka mpaka bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi iwe na cheti cha uasilia. Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja. Kwa kanuni ya jumla malighafi hutozwa asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10 na bidhaa zilizokamilika asilimia 25, na tangu Julai 2022 kimeongezwa kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa zinazopatikana kwa wingi ndani ya Jumuiya.

Kwa karatasi ya krafti ya Mgololo, kanuni hii ni faida ya moja kwa moja. Mti umekua Tanzania, rojo limepikwa Tanzania, na karatasi imetengenezwa Tanzania, hivyo uasilia wake hauna utata. Faida hiyo iliongezeka pale Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 ilipoanzisha tozo ya kuendeleza mauzo ya nje na uwekezaji, ambayo iliweka asilimia 10 kwa aina za karatasi ya krafti isiyopaushwa inayoingizwa nchini humo, huku bidhaa zenye asili ya Jumuiya zikisamehewa. Mtengeneza mifuko wa Nairobi aliyekuwa akipima kati ya roli ya ng'ambo na roli ya Mufindi alipata sababu nyingine ya kutazama kusini.

Hata hivyo, kinga ya mzalishaji ni gharama ya mnunuzi. Watengenezaji wa vifungashio ambao hawapati daraja wanalolihitaji ndani ya Jumuiya hulazimika kulipa zaidi kwa karatasi ya nje, na gharama hiyo huishia katika bei ya mfuko wa saruji au boksi la parachichi.

Upande wa uchapishaji kuna hali nyingine inayostahili kueleweka. Vitabu vilivyochapishwa vina kiwango cha asilimia 0 katika ushuru wa pamoja, jambo linalolenga kuifanya elimu ipatikane kwa urahisi. Karatasi ya kuchapishia vitabu hivyo kwa kawaida hutozwa ushuru, isipokuwa pale msamaha unapotolewa. Mpigachapa wa Dar es Salaam au Nairobi hushindana basi na kitabu kilichochapwa India au China ambacho karatasi yake haikupita katika ushuru huo. Kazi inayohamia nje kwa namna hiyo huonekana katika Sura ya 49, wala haionekani katika Sura ya 48. Karatasi za kura za uchaguzi mkuu wa Kenya wa mwaka 2022, kwa mfano, zilichapwa Ugiriki.

Mitego ya kulinganisha

Msomaji wa takwimu za nchi hizi mbili anapaswa kuwa makini na mambo matano.

Kwanza, uzito na thamani. Tani moja ya krafti na tani moja ya karatasi iliyopakwa hazina bei sawa. Nchi inaweza kuuza tani nyingi na kupata fedha chache, au kununua tani chache kwa fedha nyingi. Inafaa kusoma safu zote mbili.

Pili, namna ya kuthamini. Mauzo huandikwa kwa bei ya bidhaa inapoondoka nchini, kabla ya nauli ya nje. Manunuzi huandikwa yakiwa na nauli na bima ndani yake. Tuchukue mfano wa kufikirika: tani 100 za roli zikiuzwa kwa dola 600 kila tani, Tanzania itaandika dola 60,000. Ikiwa usafirishaji na bima ni dola 60 kwa tani, Kenya itaandika dola 66,000 kwa mzigo uleule. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja amekosea.

Tatu, mizigo ya kupita. Bandari za Dar es Salaam na Mombasa hupokea karatasi ya Uganda, Rwanda, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mizigo hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa manunuzi ya Tanzania wala Kenya, ingawa inaonekana katika takwimu za bandari.

Nne, mabadiliko ya uainishaji. Nepi za watoto na taulo za kike zilizokuwa chini ya Sura ya 48 zilihamishiwa Sura ya 96, kifungu cha 9619, katika toleo la mwaka 2012 la mfumo wa kimataifa. Anayelinganisha mwaka 2010 na mwaka 2020 bila kulifahamu hilo anaweza kuona upungufu ambao kimsingi ni uhamisho wa mstari.

Tano, karatasi iliyofichwa ndani ya bidhaa nyingine. Mfuko uliobeba chai huhesabiwa pamoja na chai, na boksi lililobeba maua huhesabiwa pamoja na maua. Kenya husafirisha karatasi nyingi kwa njia hiyo bila kuiandika kama karatasi. Tanzania nayo hufanya hivyo katika kahawa, chai na parachichi. Kwa nchi zinazouza mazao nje, sehemu hii isiyoonekana ni kubwa, nayo ndiyo inayolipia vizuri zaidi, kwa sababu boksi bora hulinda bei ya zao lenyewe.

Maana yake kwa mwananchi

Biashara hii inagusa makundi matatu ya wananchi kwa namna tofauti.

Kundi la kwanza ni wapanda miti. Katika wilaya za Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete, maelfu ya familia zimepanda miti kama akiba, na mradi wa Panda Miti Kibiashara, uliotekelezwa na Serikali kwa ushirikiano na Finland kuanzia mwaka 2014, uliwasaidia wakulima kutumia mbegu bora na kujiunga katika vikundi. Wanunuzi wa miti yao ni viwanda vya mbao, nguzo, mbao za tabaka na karatasi. Kiwanda cha karatasi kina umuhimu wa pekee, kwa kuwa kinaweza kutumia magogo membamba na miti inayopunguzwa shambani, ambayo mwenye kinu cha mbao haihitaji. Soko la krafti likidorora Nairobi, mkulima wa Mufindi ataona bei ya magogo hayo ikishuka, hata kama hajawahi kufika Namanga.

Kundi la pili ni wazazi, walimu na wachapaji. Mwaka 2021 na 2022 bei ya karatasi duniani ilipanda sana kutokana na nauli za makasha, gharama za nishati, na mgomo wa miezi kadhaa katika viwanda vya kampuni ya UPM nchini Finland mwanzoni mwa mwaka 2022. Tanzania na Kenya zote hazina kiwanda kikubwa cha karatasi nyeupe kinachoweza kupunguza makali ya hali kama hiyo. Bei ya daftari la mtoto wa darasa la tatu iliamuliwa mbali na shule yake.

Kundi la tatu ni wajasiriamali wa vifungashio. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 28, 2017, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 1, 2019. Mifuko ya karatasi ilipata nafasi mpya, ingawa sehemu kubwa ya soko ilichukuliwa na mifuko laini inayofanana na kitambaa. Mtambo wa kukunja na kugundisha mifuko ya karatasi hauhitaji mtaji wa kiwanda cha rojo. Mfuko ukitengenezwa Mafinga, Morogoro au Arusha kwa roli ya Mgololo, sehemu ya thamani ambayo sasa huongezwa ng'ambo ya mpaka itabaki nchini, na bado mfuko huo utaweza kuuzwa katika soko lilelile la Jumuiya.

Kuhusu karatasi nyeupe, historia ya Webuye na Mgololo inatoa funzo la kuzingatiwa. Kila nchi ilijenga kiwanda cha kutengeneza kila aina ya karatasi kwa ajili ya soko lake peke yake, na masoko hayo yalikuwa madogo mno kwa gharama za mitambo. Iwapo eneo hili litafikiria tena uzalishaji wa karatasi ya kuandikia, hesabu italazimika kuanza na soko la Jumuiya nzima, mashamba ya mikaratusi ya kutosha, umeme wa uhakika na ukusanyaji wa karatasi chakavu za ofisini, ambazo leo nyingi huchomwa au hutupwa. Nyuzi za karatasi zinaweza kutumika tena mara kadhaa kabla hazijachoka, na rimu iliyokwisha kuingia nchini ni malighafi ambayo nauli yake imekwisha kulipwa.

Takwimu za biashara hutolewa kila mwaka na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Benki Kuu na mamlaka za mapato za nchi zote mbili. Zinapotoka, msomaji anayetaka kufahamu hali ya karatasi atafute kwanza vifungu vya 4802, 4804 na 4819, alinganishe tani na fedha, kisha aulize karatasi hiyo imeishia katika kitu gani. Kwa kufanya hivyo ataona kwamba Tanzania na Kenya zina upungufu unaofanana kwa jina, lakini wa kwanza unatokana na kuuza roli kabla ya kuwa mfuko, na wa pili unatokana na kutengeneza mifuko mingi kuliko miti iliyopo. Nchi hizi zinahitajiana katika mnyororo huu, na kila moja ina hatua yake ya kujaza.